Oda Inapobadilika Kazi Ikiwa Katikati



Somo letu linahusu jambo linalotukuta mara kwa mara. Kitambaa kimekwisha kukatwa, mashine zinakwenda, mara linatoka agizo jipya ofisini: badilisheni. Nani atalipa saa zilizopotea? Na kitu kikiharibika, lawama itamwangukia nani?

Tutazame mfano wa kweli kutoka Sweden. Mwaka 1625 Mfalme Gustav II Adolf aliagiza meli za vita kwa fundi mkuu Henrik Hybertsson. Mwaka huohuo mfalme alipoteza meli kumi katika dhoruba, akaanza kutaka vipimo vingine. Fundi alijibu kwamba mbao zilikuwa zimekwisha kukatwa. Maagizo ya mizinga nayo yalibadilika zaidi ya mara moja. Mwaka 1627 fundi mkuu alifariki, meli iliyoitwa Vasa haijakamilika, na wengine wakashika kazi.

Mwishowe meli ilibeba mizinga 64, mingi yake katika madaraja mawili. Sehemu ya juu ikawa nzito mno. Farumi, yaani mawe ya kuituliza meli, hayakutosha; na kama yangeongezwa, matundu ya mizinga ya chini yangekaribia maji.

Kabla ya safari, mabaharia 30 walikimbizwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili ili kuijaribu meli. Ilipepesuka vibaya hata jaribio likasimamishwa. Hatari ilionekana wazi, lakini mfalme alikuwa mbali vitani, akihimiza kwa barua meli itoke upesi. Ikatoka tarehe 10 Agosti 1628. Upepo mdogo uliilaza upande, maji yakaingia kwa matundu ya chini, ikazama ndani ya bandari ya Stockholm kabla ya kwenda hata kilometa moja na nusu. Watu wapatao 30 walikufa. Baraza la uchunguzi liliwahoji maofisa na mafundi. Mafundi walisema walifuata vipimo alivyokubali mfalme. Hakuna aliyehukumiwa.

Tunajifunza nini? Kwanza, mabadiliko yenyewe si kosa. Soko hugeuka, na mnunuzi anayo haki ya kutaka kingine. Kosa ni kubadilisha sehemu moja bila kuhesabu upya kazi nzima. Pili, kadiri kazi inavyosonga mbele, ndivyo badiliko linavyogharimu zaidi. Kuchora upya ni karatasi tu. Kukata upya ni kitambaa, saa na jasho.

Shambani ni vivyo hivyo. Mchuma chai aliyezoea majani mawili na chipukizi akiambiwa achume laini zaidi, kilo zake hupungua. Malipo ya kilo yakibaki yaleyale, gharama ya badiliko imetoka mfukoni mwake.

Kwa hiyo tunashauri kamati za wafanyakazi zidai haya katika mapatano na mwajiri:

1. Kila badiliko liandikwe, liwe na tarehe na sahihi ya aliyeamuru. Neno la nyapara peke yake halitoshi.

2. Sampuli moja itengenezwe na kukubaliwa kabla ya kazi kubwa kuanza.

3. Iwekwe siku ya mwisho ya kubadilisha. Baada ya siku hiyo, muda wa kumaliza na malipo vipangwe upya.

4. Kabla ya kukubali, ihesabiwe malighafi, saa, mashine na usalama.

5. Jaribio likionyesha hatari, kazi isimame, na aliyesema asiadhibiwe.

Ndugu, pale Stockholm waliona meli inapepesuka, na bado watu wakapandishwa. Ndiyo maana jambo la tano tusiliache mezani hata tukipata yale manne.

Maswali ya kujadili katika tawi:

Ni badiliko gani la mwisho kazini kwetu, na nani alilipa gharama yake?

Je, mapatano yetu ya sasa yanasema lolote juu ya jambo hili?