Darsa la Ramadhani, siku ya 17: Deni la saumu lililorundikana



Leo nazungumza na yule ambaye Ramadhani zinampita, deni la saumu linakua, na anaona haya kuuliza. Mara nyingi ni mama. Swali lenyewe huja hivi kila mwaka: "Ustadh, nimezaa watoto wanne wakifuatana. Ramadhani hii nina mimba, ijayo nanyonyesha. Sijalipa hata siku moja. Nianzie wapi?"

Kwanza tulia, dada yangu. Hukufanya dhambi kwa kula. Suratul-Baqara aya ya 184 imempa ruhusa mgonjwa na msafiri, na wanazuoni wakamuingiza humo mja mzito na mnyonyeshaji anayechelea madhara. Mwenye hedhi au nifasi yeye hana hata hiari, saumu yake haisihi. Huyo analipa saumu, swala halipi. Kwa hiyo ulichonacho ni deni, na deni linalipika.

Chukua daftari. Umri wa watoto ndio kalenda yako: Ramadhani ipi ulikuwa na mimba ya nani, ipi ulikuwa unanyonyesha. Siku za hedhi zikadirie kwa ada yako, kama ni sita weka sita. Ukikwama kati ya 110 na 120, andika 120. Lakini usiruhusu wasiwasi ukupandishe mpaka 200, hiyo si tahadhari tena.

Sasa kibaba, hapa ndipo watu wanapochanganya. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii tunayofuata huku pwani, ukila kwa kuchelea nafsi yako, au nafsi yako pamoja na mtoto, unalipa siku tu. Ukila kwa kumchelea mtoto peke yake, labda maziwa yakauke, unalipa siku na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Kwetu ni mchele. Kwa tahadhari pima robo tatu ya kilo. Siku 30 ni kilo 22 na nusu. Wapewe mafakiri na masikini.

Kipo na kibaba cha kuchelewesha: uliweza kulipa, ukazembea mpaka Ramadhani nyingine ikaingia. Ila kama mwaka mzima ulikuwa na udhuru, mimba ikapokewa na kunyonyesha na kufunga kukawa kunakudhuru, hicho hudaiwi. Wahanafi hawakidai kabisa, kwa hiyo ukimsikia sheikh redioni anasema tofauti, msigombane naye.

Hili nalisema kwa ukali kidogo. Mwenye afya hanunui saumu kwa mchele! Mtu ana miaka 30, mzima wa afya, anatuma pesa kwa simu: "Ustadh nitolee vibaba, yaishe." Hayaishi. Kibaba bila kufunga ni cha mzee asiyeweza tena na mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Wewe kibaba chako, kama kipo, kinakwenda pamoja na kufunga.

Kulipa si lazima mfululizo. Ukipata siku sita kwa mwezi, tuseme katika Jumatatu na Alhamisi, miezi kumi ni siku 60. Miaka miwili umemaliza zile 120. Nia ya kadha inawekwa usiku, kabla ya alfajiri, kila siku na nia yake. Si kama sunna unayoweza kunuia asubuhi. Usifunge siku za Idi mbili wala tarehe 11, 12 na 13 za Mfunguo Tatu. Nusu ya pili ya Shaabani isikutishe, kadha inaruhusiwa. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa hapati nafasi ya kulipa siku zake mpaka Shaabani, naye yumo nyumbani mwa Mtume ﷺ.

Na wewe baba, usidhani darsa hili halikuhusu. Zile siku 120 ni za wanao. Nunua huo mchele. Mkeo akifunga Mfunguo Tano nyumba nzima inakula, mshikie mtoto alasiri, na usiulize mbona mchana hakuna wali.

Mama mwenye binti aliyevunja ungo, mwambie mapema kwamba siku anazokula kwa hedhi zinalipwa. Wengi wanajificha jikoni kula, wanaona haya, na hakuna aliyewahi kuwaambia kuna kulipa. Wanakuja kujua wameshaolewa.

Aliyekula makusudi bila udhuru, huyo habari yake fupi: atubie, ajizuie siku hiyo mpaka magharibi, na alipe haraka Idi ikipita, asisubiri Shaabani. Aliyemuingilia mkewe mchana wa Ramadhani ana kafara juu ya kadha, na hilo ndilo darsa la kesho inshallah.

Kina mama wenye hesabu za faragha, mwandikieni ustadha wa darasa la wanawake, si lazima zipite kwangu. Futari njema.