Barua ya udahili si ufadhili: Piga hesabu kabla ya kuuza ng'ombe

Miezi michache iliyopita nilikuwa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Baada ya Swala ya Ijumaa mzee mmoja alinishika mkono akanivuta pembeni, chini ya kivuli. Ni mkulima wa pamba, na ana ng'ombe 24. Akaniambia kwa furaha iliyochanganyika na wasiwasi: "Mwanangu, kijana wetu yule mwalimu wa sekondari ameitwa na chuo kikuu cha Uingereza kusoma digrii ya pili. Wamempa na ufadhili wa shilingi milioni 13. Zilizobaki nimeambiwa nizitafute mimi. Nimeshaongea na mtu wa mnadani aje kuangalia zizi."

Nikamuuliza: "Mzee, hizo zilizobaki ni shilingi ngapi?"

Mzee akanyamaza. Hakuwa anajua. Nilipokutana na kijana mwenyewe jioni ile, naye hakuwa na jibu kamili. Alikuwa na barua tatu za udahili mkononi, na kila barua imepigwa muhuri vizuri, lakini hakuwa na karatasi hata moja yenye hesabu. Nimeomba ruhusa yao niandike yaliyotokea bila kuwataja majina, kwa sababu naamini nyumba nyingi za Waislamu mijini, kuanzia Mwanza hadi Dar es Salaam, zimo katika mtihani huu huu.

Udahili ni kitu kimoja, ufadhili ni kingine

Chuo kinapokuandikia kwamba umekubaliwa, kimesema jambo moja tu: kwamba una sifa za kusoma pale. Hakijasema nani atalipa. Baadhi ya vyuo vya nje huambatanisha na barua hiyo maneno matamu kama "tuzo" au "skolashipu", na familia ikisikia neno hilo hudhani mambo yamekwisha. Mara nyingi tuzo hiyo ni punguzo la ada tu. Mwenye duka akikuuzia kwa punguzo, bado umenunua.

Kwa hiyo swali la kwanza si "chuo kina jina gani?" wala "wamenipa kiasi gani?" Swali ni moja: Baada ya kutoa kila shilingi iliyoahidiwa kwa maandishi, pengo linalobaki ni kiasi gani, na nani atalijaza? Tulikaa na yule kijana, tukachukua kalamu.

Barua ya kwanza: Uingereza

Ada ya kozi yake ya mwaka mmoja ilikuwa pauni 17,500. Tuzo ni pauni 4,000. Tukihesabu pauni moja kwa shilingi 3,300, tuzo hiyo ni shilingi milioni 13 na laki mbili. Hiyo ndiyo milioni 13 ya mzee. Basi ada inayobaki ni pauni 13,500.

Lakini ada si gharama yote. Serikali ya Uingereza humtaka mwombaji wa visa ya masomo aoneshe fedha za kujikimu, na kwa anayesoma nje ya London ni zaidi ya pauni 10,000 kwa miezi tisa. Fedha hizo lazima ziwe zimelala benki siku 28 mfululizo. Sisi tukaandika 10,500. Kuna tozo ya huduma ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa visa ya kozi ya mwaka mmoja hutolewa kwa zaidi ya mwaka, tukaandika 1,100. Visa yenyewe ni zaidi ya pauni 500, na nauli tukakadiria 900. Jumla ikawa pauni 26,500, yaani zaidi ya shilingi milioni 87.

Tukageukia zizi. Tuseme ng'ombe wote 24 wauzwe, kila mmoja kwa shilingi 900,000. Zitapatikana shilingi milioni 21 na laki sita. Hata robo ya pengo haifiki! Mzee angebaki na zizi tupu, na kijana asingepanda ndege.

Kuna jambo jingine ambalo kijana hakuambiwa. Ana mke na mtoto mchanga. Tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa kawaida, yaani wa darasani na si wa utafiti, haruhusiwi kwenda Uingereza na familia yake. Hilo nalo ni gharama, ingawa haliandikwi kwa pauni.

Barua ya pili: Ujerumani

Barua hii ilimvutia zaidi kwa sababu ilisema hakuna ada. Ni kweli, vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017. Lakini "hakuna ada" si sawa na "bure". Asiye na ufadhili hutakiwa kufungua akaunti maalumu iliyozuiwa na kuweka humo fedha za kujikimu za mwaka mzima. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904, na mwenye akaunti huruhusiwa kuchukua euro 992 tu kila mwezi.

Kwa euro moja shilingi 2,900, hizo ni zaidi ya milioni 34 na nusu, na hapo nauli bado. Tena ni za mwaka wa kwanza tu, wakati kozi ni miaka miwili. Kijana akasema mwaka wa pili atafanya kazi. Sheria ya kule inamruhusu mwanafunzi wa kigeni siku 140 nzima za kazi kwa mwaka, au nusu siku 280. Lakini ruhusa ya kufanya kazi si kazi. Wapo waliokwenda kwa matumaini hayo wakajikuta wanabeba maboksi usiku na kusinzia darasani mchana.

Barua ya tatu: Dar es Salaam

Hii ndiyo aliyokuwa ameiweka chini kabisa. Ada ya miaka miwili ni shilingi milioni 6 na nusu. Mwaka wa kwanza ni masomo ya darasani Dar es Salaam, mwaka wa pili ni utafiti, ambao angeweza kuufanya akiwa Simiyu. Tukaweka milioni moja na nusu za utafiti na tasnifu, na shilingi 350,000 kwa mwezi za chumba na chakula kwa mwaka wa Dar, yaani milioni 4 na laki mbili. Jumla milioni 12 na laki mbili.

Sasa upande wa mapato. Mshahara wake baada ya makato ni kama shilingi 600,000. Akipewa na mwajiri ruhusa ya masomo yenye mshahara, nusu itabaki Bariadi kwa mkewe na nusu itakuwa yake, yaani milioni 3 na laki sita kwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akiwa nyumbani ataweka 200,000 kila mwezi, milioni 2 na laki nne. Akiba yake ni milioni 2 na laki sita. Pengo linalobaki: milioni 3 na laki sita. Kwa bei ile ile, ni ng'ombe wanne.

Ng'ombe wanne, si zizi zima. Na hesabu hii yote inasimama juu ya nguzo moja: ruhusa ya mwajiri. Mtumishi wa umma asiondoke kituoni kwa ahadi ya mdomo. Aombe kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi, na ajue kama mshahara utaendelea na kama atafungwa na mkataba wa kurudi kufanya kazi.

Deni la zamani na suala la riba

Kijana huyu, kama wengi wa rika lake, alisoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, makato yake yamekuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye deni hilo akiacha kazi aende nje, deni haliachi kazi. Linamsubiri. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwasumbua wengi, Waislamu tukiwemo. Lakini kiini cha deni kiko pale pale.

Wapo wanaoshauriwa kuziba pengo kwa mkopo wa benki wenye riba. Kwa Mwislamu hapo hapahitaji maelezo marefu. Hukumu ya riba imo katika Suratul Baqarah na kila mmoja wetu anaijua. Nitaongeza la kidunia tu: mkopo wa milioni 87 kwa mtu wa mshahara wa laki sita, hata usingekuwa na riba hata senti moja, ukikatwa nusu ya mshahara huo kila mwezi utamaliza zaidi ya miaka 24. Atastaafu akilipa mwaka mmoja wa darasani.

Ufadhili hutangulia, udahili hufuata

Kosa la kijana si kutamani kwenda nje. Elimu hutafutwa popote ilipo. Kosa ni kuanzia mwisho. Ufadhili mkubwa mara nyingi una kalenda yake, na mara nyingi dirisha lake hufungwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Chevening ya Serikali ya Uingereza, kwa mfano, hulipia ada, nauli na kujikimu kwa uzamili wa mwaka mmoja, humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na humtaka arudi kwao kwa miaka miwili baada ya kuhitimu. Maombi yake huanza kati ya Agosti na Novemba. Ufadhili wa Serikali ya Uturuki huombwa mwanzoni mwa mwaka, na unahusisha ada, malazi, posho na tiketi. DAAD ya Ujerumani nayo ina nafasi kwa Watanzania.

Anayetaka uzamivu Marekani ajue kwamba vyuo vingi kule humpa mwanafunzi wa ngazi hiyo kazi ya kufundisha au utafiti, pamoja na msamaha wa ada na posho. Vyuo vingi pia vimekubaliana kumpa mwombaji hadi Aprili 15 kujibu ahadi ya ufadhili, kwa hiyo usikubali kukimbizwa. Lakini ukipata udahili wa uzamivu usio na fedha hata kidogo, jiulize mara mbili.

Kwa Waislamu, Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kusomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama, Tanzania ikiwemo. Mpango huo uliwekwa kwa hekima: kwa mwanafunzi ni qardh hasan, mkopo usio na riba, lakini kwa jamii yake ni msaada, kwa sababu anachorejesha kinakwenda kwenye mfuko wa jamii hiyo ili wengine wasome. Tujiulize: ni misikiti mingapi ya mijini yenye mfuko wa namna hiyo, hata wa shilingi milioni tano?

Kabla hujajibu barua yoyote

Kwanza, andika pengo la kila barua kwa shilingi, kwa muda wote wa kozi, si mwaka wa kwanza tu. Pili, usihesabu fedha ambayo haijaandikwa, iwe ahadi ya mjomba au kazi utakayoitafuta ukifika. Tatu, kiandikie chuo kuomba nyongeza ya ufadhili au kuahirisha udahili kwa mwaka mmoja. Vipo vyuo vinavyokubali, na kuomba si aibu. Nne, kabla ya kulipa amana, uliza kwa maandishi kama hurudishwa visa ikikataliwa. Tano, hakikisha shahada hiyo itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Sita, tazama kalenda ya anayekulipia. Msimu wa ununuzi wa pamba Simiyu hufunguliwa Mei, basi amana inayodaiwa Aprili itamfanya mzee auze ng'ombe kwa bei ya shida.

Baada ya hapo ndipo mtu aswali Istikhara. Istikhara haichukui nafasi ya hesabu wala ya mashauriano.

Usiku ule tuliwasomea mzee na familia hesabu zote tatu. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na hawa wadogo zake wanne?" Maana zizi lile ni la watoto watano. Kijana akainamisha kichwa. Akasema ataandika Uingereza kuomba kuahirisha, ataomba Chevening dirisha likifunguliwa, na kwa sasa atakwenda Dar es Salaam iwapo mwajiri ataridhia. Mzee akakubali kutoa ng'ombe wanne, lakini kwa sharti: ni mkopo, si zawadi, na atamrejeshea mdogo wake atakapofika chuo.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika madeni. Basi tuliandika, baba na mwana, mbele ya mashahidi wawili. Karatasi ile ilikuwa fupi na haikuwa na muhuri wa chuo chochote, lakini kati ya karatasi zote zilizokuwa mezani, ni hiyo peke yake iliyosema nani atalipa.

Wabillahi tawfiq.