Kukatika Pumzi Usingizini

Katika kila usharika yuko mtu mzima, mwaminifu katika kazi zake, ambaye akiisha kuketi tu kanisani macho yake yamefumba. Watu humcheka, au husema ni mvivu, au kwamba alikesha penye pombe. Pengine maneno hayo ni kweli. Lakini pengine mtu yule ni mgonjwa, wala hajijui, maana ugonjwa wenyewe humjia hali amelala. (Eutiko aliyeanguka dirishani kule Troa tusimhesabu pamoja na hawa, Paulo alikuwa amehutubu mpaka usiku wa manane.)

Madaktari huuita ugonjwa huu apnea, yaani kukatika kwa pumzi. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengi si kitu. Kwa huyu njia ya pumzi nyuma ya ulimi hulegea hata ikaziba kabisa. Kifua na tumbo hujitahidi kuvuta hewa, wala hewa haipiti. Oksijeni hupungua katika damu, ndipo ubongo hushituka na kumwamsha kidogo. Hukoroma kwa kishindo, hupata pumzi, hulala tena. Asubuhi hakumbuki neno. Ajua tu kwamba kichwa chamwuma, kinywa kimekauka, alitoka mara nyingi kwenda haja ndogo, na uchovu wa jana ungaliko.

Kwa hiyo shahidi wa kwanza si mgonjwa, bali ni mkewe. Au mumewe, kwa kuwa wanawake nao huupata, hasa wakiisha kukoma hedhi. Mke husikia mkoromo, kisha kimya, naye hukaa akihesabu gizani na kuogopa, hata mkoromo urudi kwa nguvu. Mke akisema hivi asidharauliwe. Aende pamoja na mumewe kwa daktari, akaseme aliyoyasikia.

Huko mtu hulazwa usiku mmoja amefungwa vipimo, au hupewa kipimo kidogo akalale nacho nyumbani. Huhesabiwa ni mara ngapi kwa saa pumzi imekatika, au imepungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi. Chini ya mara 5 si neno. Tangu 5 hata 15 ugonjwa ni mdogo, tangu 15 hata 30 ni wa kadiri, na kuanzia 30 ni mkali. Na tuifikiri hesabu hiyo. Mara 30 kwa saa ni mara moja kila dakika mbili. Mtu aliyelala saa 7 amekatika pumzi mara 210 kwa usiku mmoja. Je, ni ajabu kwamba asinzia mchana?

Basi mtu akiambiwa kwamba ugonjwa wake ni mkali, afanyeje? Wengi huogopa kulala usiku ule. Lakini ugonjwa haukuanza siku ya cheti. Amelala nao labda miaka mingi, na lililo jipya ni kuujua. Wengine huona haya, kwa kuwa wameambiwa wapunguze mwili. Ni kweli, unene ni sababu kubwa, maana mafuta ya shingoni husonga koo. Lakini taya dogo, na mafindofindo makubwa, na urithi wa jamaa, hayo nayo ni sababu, na wako wembamba walio wagonjwa. Haya isimzuie mtu kutafuta tiba, kwani ugonjwa huu huandamana na shinikizo la damu, na magonjwa ya moyo, na kiharusi. Tena mwenye kuendesha motokaa au pikipiki, naye asinzia, aache kuendesha mpaka tiba imemfaa. Jambo hilo halina majadiliano, maana njiani wako watu wengine.

Zamani tiba ya hakika ilikuwa moja tu: kutobolewa tundu kooni, mtu avute pumzi kwa hapo usiku. Mwezi wa Juni 1980, mjini Sydney katika nchi ya Australia, mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa mkali alishauriwa kutobolewa hivyo, asipende. Daktari Colin Sullivan akampa kujaribu jambo jipya: pampu ya kusukuma hewa puani kwa barakoa, usiku kucha. Hewa hiyo si dawa. Hufanya kazi kama upepo ujazao mfuko, mbavu zake zisigusane. Hulitegemeza koo lisizibe. Mtu yule akalala vizuri, akaamka ana macho. Mwaka 1981 habari za wagonjwa 5 zikachapwa katika gazeti la madaktari, The Lancet. Mashine za leo, ziitwazo CPAP, ni wana wa pampu ile.

Lakini mashine haiponyi. Humfaa mtu usiku ule aivaapo. Ndiyo maana majuma ya kwanza ni mazito kuliko yote yaliyosalia. Barakoa hubana, pua hukauka, upepo humtia mtu hofu kana kwamba asongwa, naye huivua saa nane za usiku na kuitupa chini ya kitanda. Asikate tamaa. Na aivae mchana kwanza, ameketi akisoma, mpaka uso uizoee. Barakoa ikivuja au ikimchubua, akatafutiwe nyingine, maana ziko za namna nyingi, na nyuso hazifanani. Wengine huona nafuu usiku wa kwanza, wengine baada ya majuma kadhaa. Asiyeona nafuu arudi kwa daktari wake, asijibadilishie nguvu ya upepo mwenyewe.

Kwetu liko na jambo la umeme. Ukikatika, mashine husimama; kwa hiyo yafaa kuuliza kabla ya kununua kama yaweza kutumia betri, na ya namna gani. Barakoa ioshwe kwa sabuni laini, na maji ya chombo chake yabadilishwe kila siku. Tena ndugu wa Ulaya au Marekani akikuletea mashine iliyokwisha tumika, shukuru, kisha ikaguliwe. Mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mamilioni ya mashine zake, kwa sababu sifongo ya ndani iliweza kuchakaa na vipande vyake kuvutwa pamoja na pumzi.

Pombe na dawa za usingizi huzidi kulegeza koo, mgonjwa asizitumie. Kulala kwa ubavu huwasaidia wengine. Kupunguza mwili husaidia zaidi, na mwaka 2024 serikali ya Marekani iliruhusu dawa ya sindano, tirzepatide, kwa wanene wenye ugonjwa wa kadiri na mkali. Lakini wakati mwili unapungua, mashine isiachwe mpaka mtu amepimwa tena.

Na mgonjwa akipangiwa kupasuliwa, kwa neno lolote lile, amwambie mapema daktari wa nusukaputi kwamba ana ugonjwa huu, naye aichukue mashine yake hospitalini.