Jua Haki Zako: Usingoje Joho

Ukishuka kituo cha treni cha Gare du Nord jijini Brussels, ofisi kadhaa zinazoweza kuamua maisha yako baada ya masomo zipo mwendo wa miguu tu. Serikali ya Jimbo la Brussels iko Place Saint-Lazare, ya Flanders iko Simon Bolivarlaan, na mahakama inayosikiliza rufaa za wageni iko Rue Gaucheret. Ukaribu huo huponza: mtu huingia mlango wa kwanza anaouona.

Tuseme umetoka Bukavu au Mwanza, umemaliza shahada ya uzamili Leuven, umepanga chumba Schaerbeek, Brussels, na kampuni ya Mechelen inakutaka. Unaanzia wapi?

Anza na ukaazi. Tangu Agosti 2021, sheria ya Ubelgiji inampa mhitimu wa chuo cha huko miezi 12 ya kutafuta kazi au kuanzisha biashara. Ni mara moja, hairefushwi. Ombi hupelekwa manispaa unakoishi, yaani Schaerbeek, si Leuven ulikosomea, na lifike angalau siku 15 kabla kadi yako haijaisha. Kadi nyingi za wanafunzi huisha tarehe 31 Oktoba, kwa hiyo mwisho wako ni tarehe 16. Hapa ndipo wengi hukwama: matokeo ya mitihani ya marudio hutoka Septemba, miadi ya manispaa nayo haipatikani kwa siku moja. Usingoje mahafali. Mara tu unapofaulu, dai chuoni hati ya kuthibitisha, kisha andaa pasi ambayo haijaisha muda, bima ya afya na ushahidi kwamba una fedha za kujikimu. Ukikabidhi, usiondoke bila uthibitisho wa kupokelewa.

Jambo ambalo hata waajiri hawalijui ni hili: ndani ya mwaka huo unaruhusiwa kufanya kazi bila kikomo. Zile saa 20 kwa wiki za mwanafunzi hazikuhusu tena. Meneja akikuambia huna kibali cha kazi, mwonyeshe kadi yako. Haki ya kufanya kazi imeandikwa juu yake.

Ukitaka kubaki baada ya hapo, unahitaji kibali kimoja kinachounganisha kazi na ukaazi. Anayekiomba ni mwajiri, si wewe. Na kinachoamua jimbo gani litashughulikia ombi ni mahali pa kazi, si mahali unapolala. Kwa kazi ya Mechelen, ombi ni la Flanders, hata kama kila jioni unarudi Schaerbeek. Kazi ikiwa Liège, ni Wallonia. Kila jimbo lina kima chake cha chini cha mshahara kwa wataalamu, na hupandishwa mara kwa mara, hivyo mkataba unaokubalika upande mmoja unaweza kukataliwa upande wa pili. Uliza kima kinachotumika kabla ya kutia saini. Uamuzi unaweza kuchukua miezi minne. Mwajiri anayekuahidi kupeleka ombi mwezi wa 11 wa ule mwaka wako wa kutafuta kazi anakuweka pabaya. Anayetaka kujiajiri huomba kadi ya kitaaluma, nayo pia ni ya jimbo.

Kibali hicho hufungwa kwa mwajiri mmoja. Kazi ikikatika, una siku 90 za kupata nyingine.

Kama ulisoma kwa ufadhili, au serikali ya kwenu ilikupa ruhusa ya masomo, toa ule mkataba kabatini uusome upya. Haki ya kubaki Ubelgiji haifuti dhamana ya kurudi uliyoisaini Dodoma au Nairobi.

Ukinyimwa ukaazi, una siku 30 tangu kukabidhiwa uamuzi za kukata rufaa Conseil du contentieux des étrangers, hapo Rue Gaucheret. Rufaa ni ya wakili, si ya barua ya kujieleza. Mwenye kipato kidogo anaweza kupewa wakili bila malipo kupitia Bureau d'aide juridique. Nenda wiki ileile, na ubebe bahasha iliyoleta uamuzi.