Somo la Saba: Gari la Pekee Katika Mchezo wa Video

Katika michezo mingi ya video ya mbio za magari, mchezaji huanza na gari la kawaida. Magari ya pekee, yaani yaliyo adimu au yenye kasi kubwa, huwa yamefungwa. Mchezaji hulifungua gari la namna hiyo kwa kushinda mbio na kulimbikiza fedha za mchezo, au kwa kulipa fedha halisi. Somo hili linamlenga mlaji, hasa mzazi anayeombwa namba ya siri ya simu yake ili gari lifunguliwe. Tunaeleza namna ya kuijua bei kamili, na kile anachokipata mlaji akishalipa.

Bei kamili ni ipi?

Tuchukue mfano wa Gran Turismo 7, mchezo uliotolewa Machi 2022. Gari la McLaren F1 la mwaka 1994 liliuzwa humo kwa krediti 18,500,000. Krediti, ambayo ndiyo fedha ya mchezo huo, hupatikana kwa kushinda mbio au hununuliwa kwa vifurushi. Kifurushi cha krediti 2,000,000 kiliuzwa nchini Marekani kwa takriban dola 20. Asiye na akiba ya krediti alihitaji vifurushi kumi, maana tisa havikutosha. Hizo ni takriban dola 200 kwa gari moja, ilhali mchezo mzima uliuzwa kwa dola 60 hadi 70.

Mwezi huohuo watengenezaji walipunguza zawadi za baadhi ya mbio. Muda wa kulitafutia gari fedha ukarefuka, na kishawishi cha kulipa kikaongezeka. Wachezaji walilalamika. Mkuu wa kampuni iliyoutengeneza mchezo, Kazunori Yamauchi, aliomba radhi, wachezaji wakapewa krediti 1,000,000 kila mmoja, na mwezi Aprili zawadi zikaongezwa. Tunajifunza mambo mawili: masharti yanaweza kubadilika baada ya mauzo, na malalamiko ya walaji huweza kuzaa matunda.

Je, gari ni mali yako?

Mchezo wa The Crew, uliotolewa mwaka 2014 na kampuni ya Ubisoft, ulihitaji intaneti wakati wote. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake zilizimwa. Hata aliyekuwa na diski mkononi hakuweza tena kuucheza, na magari aliyoyafungua yakatoweka pamoja nao. Kisheria, mlaji hupewa leseni ya kutumia, si umiliki. Jimbo la California, Marekani, lina sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kulieleza jambo hili bayana kabla ya malipo.

Kabla ya kulipa

1. Geuza bei ya gari kutoka fedha za mchezo kuwa shilingi.
2. Uliza iwapo gari linaweza kupatikana kwa kucheza tu, na kwa muda gani.
3. Soma masharti ya kurejeshewa fedha na ya kusitishwa kwa huduma.
4. Weka kizuizi cha ununuzi kwenye kifaa, wala usimpe mtoto namba yako ya siri.
5. Tunza ujumbe wa kila malipo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nao ujumbe huo ndio ushahidi wako utakapowasilisha malalamiko.

Zoezi

Gari linauzwa kwa sarafu 900 za mchezo. Sarafu huuzwa kwa vifurushi vya 500 tu, kila kimoja shilingi 6,000. Gari hilo litakugharimu kiasi gani?

Jibu: Utalazimika kununua vifurushi viwili kwa shilingi 12,000. Sarafu 100 zitabaki, nazo ni shilingi 1,200 ulizokwishalipa bila kupata kitu. Masalio hayo ndiyo humvuta mchezaji anunue tena. Yaingize katika hesabu yako tangu mwanzo.