Kiapo Kwanza: Mafunzo Niliyopata Nikimsomesha Mwanangu Nyumbani

Mwanangu alikuwa darasa la tatu, hapa Lancaster, Pennsylvania, alipoanza kulalamikia tumbo kila asubuhi ya shule. Mimi na baba yake tukakata shauri asomee nyumbani. Nia tulikuwa nayo, sheria hatukuijua.

1. Sheria ya jimbo la mwenzio si yako

Wifi yangu anaishi Texas. Huko mzazi anayesomesha nyumbani halazimiki kujiandikisha popote. Nyumba yake huhesabiwa kama shule ya binafsi. Nikadhani Marekani ni moja. Nikamweka mtoto nyumbani Jumatatu, na haukupita muda barua ikaingia: mtoto wako mtoro. Pennsylvania siku 3 bila udhuru zinatosha kuitwa mtoro, 6 ni mtoro sugu, na mzazi anaweza kupelekwa mbele ya hakimu na kutozwa hadi dola 300 kwa kosa la kwanza. Sikupata usingizi usiku ule. Aliyeninyoosha ni mama mmoja Mkongomani tunayesali naye, aliyewasomesha wanawe watatu. "Dada, kiapo kwanza," aliniambia. "Mtoto abaki nyumbani kiapo kikishafika." Nikamrudisha shuleni mpaka karatasi zikakamilika.

2. Isome sheria kwa macho yako

Kusomesha nyumbani kuliruhusiwa rasmi hapa kwa sheria namba 169 ya mwaka 1988. Hati ya kiapo, iliyothibitishwa, hupelekwa kwa msimamizi mkuu wa shule za wilaya kabla hujaanza, kisha kila mwaka kufikia Agosti 1. Ndani yake unataja masomo na malengo, unaambatisha uthibitisho wa chanjo, na unaapa kwamba hakuna mtu mzima nyumbani mwako aliyetiwa hatiani ndani ya miaka 5 kwa makosa yaliyotajwa. Hilo linamgusa hata mdogo wangu anayelala chumba cha nyuma. Mzazi mwenyewe awe na diploma ya sekondari au cheti kinacholingana nayo. Changu cha kidato cha sita kilikubaliwa.

Katika ofisi ya wilaya, bibi aliyenipokea alinidai pia ratiba ya kila wiki. Kwa kuwa nilikuwa nimebeba kifungu chenyewe, cha 1327.1, nilimwomba yule bibi kwa adabu anionyeshe mstari unaodai hivyo. Hakuuona, akapokea hati.

3. Kiswahili hakikukatazwa

Hapa ndipo roho iliniuma. Kiapo kinataka utamke kwamba masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Mimi nimezaliwa Tanga. Nilitaka mwanangu asome barua za bibi yake bila mkalimani. Nilirudia sentensi ile mara nyingi ndipo nikaielewa: inahusu masomo yanayolazimishwa, kama hesabu, sayansi, jiografia na historia ya Marekani na ya Pennsylvania, hata usalama na kinga dhidi ya moto. Ukiyafundisha hayo kwa Kiingereza, hakuna anayekuzuia kuongeza lako. Basi asubuhi ni Kiingereza. Baada ya chakula cha mchana tunasoma hadithi kwa Kiswahili, naye humwandikia bibi ukurasa mmoja kila Ijumaa. Nawasihi wazazi wenzangu: msikiache Kiswahili kwa kuogopa sentensi ambayo hamjaisoma vizuri.

4. Daftari lijazwe siku ileile

Sheria inataka siku 180 au saa 900 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi, na saa 990 kwa sekondari. Inataka pia daftari la kumbukumbu linaloandikwa kadiri masomo yanavyokwenda, likitaja vitabu kwa majina, pamoja na sampuli za kazi za mtoto. Mwaka wa kwanza niliacha wiki sita zipite, nikahangaika kukumbuka. Mwisho wa mwaka mtathmini mwenye sifa, asiye mzazi, huzungumza na mtoto na kukagua kazi zake. Cheti chake kifike wilayani kufikia Juni 30. Darasa la 3, la 5 na la 8 kuna mtihani, na msimamizi wake asiwe wewe.

5. Dai haki yako

Ukiomba, wilaya inapaswa kukuazima vitabu vya kiada. Mimi nilinunua vyote mwaka mzima kwa kutojua.

Sasa yuko darasa la tano, tumbo haliumi tena, na mwaka huu ana mtihani. Kiapo changu kilifika wilayani Julai 20.