Dondoo muhimu: Malengo ya jikoni kwa mwaka mpya

Januari huko Nyabibuye, nyanda za juu za Kigoma, ni mwezi wa mvua na mboga za majani. Familia ikae pamoja ipange itakavyopika na kula.

1. Lengo lipimike. "Kula vizuri" halipimiki. "Matembele au mchicha kila siku" linapimika. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5.

2. Maharage yalowekwe usiku kucha. Huiva mapema na kuni hupungua.

3. Mawese yasiunguzwe hadi wekundu upotee. Wekundu huo ndio unaoupa mwili vitamini A.

4. Ugali wa muhogo una protini kidogo sana, hivyo uliwe na maharage au dagaa wa Ziwa Tanganyika. Muhogo mchungu ulowekwe na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa, ili sumu itoke.

5. Taifa limelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kaya ianze sasa kudunduliza fedha za jiko banifu au mtungi wa gesi.